Mlio wa Bunduki ni Haki ya Nani?

Katika nyanda za juu za Buha, tangu Kasulu hadi Kibondo na kupita mpaka Kakonko, ardhi imekunjwa vilima na mabonde, hata bunduki ikilia ng'ambo moja ya mto kilima cha pili huipokea sauti na kuirudisha, na watu walioinamia majembe katika mihogo na maharage huinua vichwa wakasikiliza. Na aghalabu, kabla mwangwi haujaisha, wamekwisha kuamua ni silaha gani iliyolia na kazi gani iliyokuwa ikifanywa. Gobole, kwa kuwa hushindiliwa baruti kwa mkono, hutoa kishindo kizito chenye kukokota. Bunduki ya afisa wanyamapori, yenye kaliba ya .375 au .458, hupasua mara moja na kunyamaza. Bunduki ya kivita hulia kwa mfululizo, na hiyo ikisikika kila mtu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani. Elimu hii haimo katika mtaala wa shule yoyote, walakini ndiyo daftari la pori, nalo liko wazi kwa wanaojua kusoma na wasiojua: ameua nani, upande gani, saa ngapi, na kama aliua mchana kweupe au katika saa ambazo mtu mwema yu kitandani.

Basi mwenye bunduki ya leseni aliyetia nia ya kununua kiwambo cha sauti, akifunge kwenye mdomo wa mtutu wake, huingia katika jambo lenye sura mbili. Sura ya kwanza ni ya ufundi, nayo muuza silaha ataieleza vizuri kuliko mimi. Sura ya pili ni ya dhamiri, nayo haielezwi dukani: mlio anaokusudia kuupunguza, je, ni mali yake? Nasaha zote nilizopata kuzisikia juu ya viwambo huanzia katika dhana kwamba ni mali yake, kwa namna ile ile ambayo teke la bunduki begani ni lake peke yake. Mimi nina shaka na dhana hiyo, na ningependa kuitazama shaka yangu kwa utulivu, bila ya kukidhulumu chombo wala mwenye kukitaka.

Chombo chenyewe kina nasaba ya ajabu. Mwaka 1884 Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alibuni bombomu, ile bunduki inayojijaza risasi kwa nguvu ya teke lake yenyewe. Na ilipofika Agosti 1905 bombomu mikononi mwa Wadachi ziliwalaza chini mamia ya watu wa vita vya Maji Maji mbele ya boma la Mahenge. Maxim alizeeka akiwa kiziwi, masikio yake yameharibiwa na mishindo ya kazi yake. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepewa hataza ya kiwambo mwezi wa Machi 1909, na mwezi uliofuata Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa miongoni mwa walioiona tunu hiyo mpya na kuipenda, alishuka Mombasa kuja kuwinda katika nchi zetu. Sisemi kwamba mwana alikuwa akiomba radhi kwa niaba ya baba. Nasema tu kwamba aliyeunda kimya alikuwa mwana wa mtu aliyeijua gharama ya kelele, na kwamba gharama ile aliihesabu kwa masikio ya mpigaji. Masikio ya watu wa Mahenge hayakuwamo katika hesabu.

Ekzosi ya pikipiki itatusaidia kufahamu namna kinavyofanya kazi, na Percy Maxim mwenyewe aliitumia kanuni hiyo kwa injini pia: moshi wa moto unaotoka kwa kishindo huingizwa katika chemba zenye viambaza, ukazungushwa, ukapanuka na kupoa, hata utokapo nje umekwisha kupoteza ghadhabu yake. Lakini pikipiki haina risasi. Bunduki ya kuwindia hutoa sauti mbili. Ya kwanza ni kishindo cha gesi mdomoni mwa mtutu, kinachofika kiasi cha desibeli 160, ilhali sikio la binadamu huingia hatarini mlio wa ghafla ukizidi 140. Na hiyo ndiyo sauti ambayo kiwambo kizuri huipunguza kwa desibeli 20 hadi 30. Ya pili ni mpasuko wa hewa unaofanywa na risasi yenyewe inapokwenda kasi kuliko sauti, na huo huandamana na risasi njia nzima, wala kiwambo hakiwezi kuufikia, kwa maana umekwisha kuondoka. Kwa hiyo anayedhani kwamba bunduki yake ya .375 italia kama zile za riwaya zetu za upelelezi, ambamo jambazi hufyatua na mpangaji wa chumba cha pili akaendelea kukoroma, amedanganywa. Atakachopata ni mlio uliopungua makali na, jambo ambalo wauzaji huliweka mwisho ilhali mimi naliona la kwanza, mlio uliopoteza mahali pake: msikilizaji wa kilima cha pili atausikia mpasuko, lakini hataweza tena kuonyesha kwa kidole ulikotoka.

Hapo ndipo tunapoweza kuuliza mlio ule ulikuwa wa nani. Haukuwa wa mnyama aliyelengwa. Risasi iendayo mita 800 kwa sekunde na sauti iendayo 340 hazifiki pamoja. Kwa umbali wa hatua mia moja na hamsini risasi humfikia palahala kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, na kishindo humfuata kikiwa kimechelewa maradufu, hata mnyama hupata jeraha lake kabla ya kupata habari zake. Anayesema kwamba amenunua kiwambo kwa kumhurumia mnyama asishtuke hajafanya hesabu. Mlio ni wa waliobaki: kundi linalokimbia, mkulima aliye bondeni, mtoto anayechunga mbuzi, askari wa doria anayetega sikio, na mwindaji wa pili aliye nyuma ya kichaka, ambaye kwa kishindo kile anajua asisogee. Kwa wote hao mlio ni taarifa kwamba roho imetolewa jirani nao, na taarifa hiyo wao hawakuiomba wala mpigaji hakuinuia. Ilikuwa ikitoka tu, kwa sababu baruti haijui siri.

Insafu yataka niseme pia mema ya chombo hiki, nayo si machache. Maafisa wanyamapori ambao wamefyatua bunduki nzito kwa miaka bila ya kinga hubaki na uvumi masikioni usiokoma usiku wala mchana, na sijui ni dini gani inayomtaka mtu afe kiziwi kwa kulinda mahindi ya wenzake. Kadhalika kiwambo, kwa kuzuia gesi isiruke ovyo, hupunguza teke la bunduki. Na teke likipungua woga hupungua, na mpigaji asiye na woga hafumbi macho wala havuti kifyatulio kwa pupa. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ikiwa na eneo la kilomita za mraba 32,500, nyati aliyepigwa tumboni badala ya kifuani huingia katika matete na kupotea, akafia majini baada ya saa nyingi za mateso. Wanazuoni wa Kiislamu wanaijua mas'ala hiyo tangu zama za mshale: katika mafundisho aliyoyapokea Adi bin Hatim, windo lililokutwa limezama haliliwi, kwa kuwa mwindaji hajui kama aliyeua ni yeye au ni maji. Na katika mafundisho aliyoyapokea Shaddad bin Aws, ihsani inatakiwa hata katika kuua, ndiyo maana mchinjaji anaamriwa kunoa kisu na kumpunguzia mnyama adha. Kiwambo kinachomtuliza mpigaji hata akalenga sawasawa, basi, kimo katika hukumu ya kunoa kisu, na anayekikataza kwa ujumla anamkataza mtu wema.

(Tembo aliyevamia mahindi ni shauri jingine. Huko watu hupiga madebe na afisa hufyatua hewani, na kishindo ndicho dawa yenyewe. Kwenda na kiwambo katika kazi hiyo ni kwenda kuzima moto na ndoo tupu.)

Lakini kuna hoja ya zamani inayonisumbua zaidi, nayo ni hoja ya upinde. Babu zetu waliwinda katika misitu hii ya miyombo na mininga kwa mishale na mikuki, silaha zisizo na sauti, na hakuna aliyewaita wezi kwa sababu ya ukimya wao. Kwa nini basi mjukuu alaumiwe kwa kuirudisha bunduki katika adabu ya upinde? Nimelizungusha swali hili mara nyingi, na jibu ninaloliona ni kwamba upinde ulikuwa na kimya lakini haukuwa na umbali. Mpiga mshale alilazimika kujongea hata akasikia pumzi za mnyama, na mnyama naye alikuwa na nafasi ya kumsikia yeye. Kisha alilazimika kufuata damu, akaita wenzake, akabeba nyama mbele za watu. Bunduki ilipokuja ilileta umbali, lakini ilitoza ushuru wake papo hapo: kila aliyeua kwa mbali alitangaza kwa mbali. Kiwambo ndicho chombo cha kwanza kinachompa mtu mmoja vyote viwili, umbali wa bunduki na kimya cha upinde, na asilipe chochote. Kimya peke yake si dhambi. Ingelikuwa kimya ndicho kipimo, waya wa mtego ungekuwa dhambi kuu kuliko zote kwa sababu hauna sauti hata kidogo. Nao kweli ni ukatili mkubwa, lakini ukatili wake uko katika kumwacha mnyama ajinyonge polepole na aliyeutega asiwepo kuona. Na hicho ndicho kinachoziunganisha mas'ala hizi: kutokuwepo kwa mtu katika kitendo chake.

Mwenye imani atanijibu kwamba mwindaji mchamungu yupo daima katika kitendo chake, kwa kuwa Mungu anamwona, na mlio hauongezi kitu juu ya jicho la Mungu. Ni jibu zito, na Kurani yenyewe inalikaribia katika Sura ya Al-Maida, pale waliohirimia Hija wanapoharimishiwa windo na kuambiwa kwamba wanyama watasogezwa karibu na mikono yao na mikuki yao ili adhihirike anayemcha Mola wake katika ghaibu. Uwindaji, kwa hiyo, umechaguliwa kuwa mtihani wa faragha. Na mtihani wa faragha, atasema, hauhitaji kishindo. Lakini Kitabu hicho hicho kinaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, ingawa Mungu analijua deni kabla ya mdai na mdaiwa. Shahidi hawekwi kwa ajili ya Mungu. Huwekwa kwa ajili ya majirani, na kwa ajili ya nafsi ya mdaiwa, ambayo leo ni njema na kesho ikibanwa na njaa au tamaa hujifanya imesahau. Wakristo, ambao ndio wengi katika vilima hivi, nao wana kisa cha Kaini, aliyemwongoza nduguye mpaka kondeni ambako hapakuwa na mtu, akaua bila ya kusikiwa. Na ilibidi ardhi yenyewe ipewe sauti ili damu iweze kushtaki. Imana, kama Waha wamwitavyo Mola, hakuhitaji sauti ile ili ajue. Sisi ndio tuliohitaji.

Kwa hiyo naona mlio ni deni ambalo mwenye kiwambo analiondoa katika njia moja ya malipo, na analazimika kulilipa kwa njia nyingine. Anayetaka bunduki yake isisikike na asikike yeye: aende ofisi ya kijiji kabla ya kwenda porini, aseme anakwenda upande gani na kwa leseni ya mnyama gani, arudi na mawindo kwa njia ya watu. Mwenye kuyafanya hayo sina neno naye. Yule ambaye mlio wake ndio shahidi pekee aliyebaki, kwa sababu mashahidi wengine wote amekwisha kuwakwepa, huyo anaponunua kiwambo ananunua kitu kingine, hata kama risiti imeandika jina lile lile.

Na sasa niingie katika ile sura ya ufundi, kwa maana nadhani maumbile yenyewe yametia saini upande wangu. Nimesema kwamba mpasuko wa risasi haufikiwi na kiwambo. Iko njia moja ya kuufuta, nayo ni kutumia risasi zinazokwenda polepole kuliko sauti. Na wapenda kimya kamili wote huishia huko. Lakini risasi iliyopunguzwa mwendo imepunguzwa nguvu, huanguka upesi njiani, na aghalabu haichanui inapoingia mwilini. Kwa mnyama wa kimo cha palahala au tandala ni risasi ya kujeruhi. Tazama basi ilivyopangika: sehemu ya mlio inayoweza kuondolewa bila ya dhuluma ni ile inayomdhuru mpigaji, na sehemu iliyobaki, ile inayotoa habari, haiondoki ila kwa gharama ya mnyama. Kimya kamili na rehema haviingii katika mtutu mmoja.

Anayechagua na achague kwa mizani hiyo. Asianze na tarakimu ya desibeli iliyoandikwa kubwa kuliko zote, bali na shabaha: kiwambo kinachoongeza mtutu sentimita ishirini na kuuvuta chini kwa uzito huchosha mkono na kukwama vichakani, kwa hiyo katika miyombo iliyosongamana kile kinachokaa kwa sehemu juu ya mtutu wenyewe, kikarudi nyuma badala ya kutokeza mbele, humfaa mtu zaidi ingawa ni kinene. Alumini ni nyepesi na huchakaa upesi kwa kaliba zenye moto mwingi. Chuma cha pua hudumu na huelemea. Titani ni nyepesi na imara, na bei yake haifai kutajwa mbele ya mke. Tundu lake lazima liwe la kaliba ile ile au kubwa zaidi, kamwe si ndogo. Na hesi ya mdomo wa mtutu lazima ikatwe na fundi bunduki aliyehitimu, kwa sababu kiwambo kilichopinda unene wa ukucha kitagongwa na risasi kutoka ndani. Kikishafungwa, bunduki na ilengwe upya, maana risasi huhama mahali pake, na asiyelenga upya ameitupa ile ihsani yote aliyojinunulia. Na arudipo akifungue, akifute, wala asiilaze bunduki nacho, kwa maana unyevu na masizi ya baruti hukaa ndani yake na kuula mtutu kwa kutu, hasa wakati wa masika ya Kibondo ambapo hata panga la jikoni halisalimiki.

Pana kundi moja ambalo hoja yangu ya mlio inaliumiza, nami sina budi kulitaja. Katika vilima hivi zimekuwamo kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, na wamo watu waliovuka kutoka Burundi na Kongo kwa nyakati mbalimbali, waliokimbia mwaka 1972, na 1993, na 1996, na 2015. Kwa mama aliyevuka usiku na mtoto mgongoni, mlio wa bunduki hauwi taarifa ya nyama hata siku moja. Nikimwambia kwamba mlio ni haki yake nitakuwa namfanyia kejeli. Jibu langu kwa hilo ni fupi na halinitoshelezi: jirani na kambi bunduki ya starehe isilie kabisa, ya kiwambo wala isiyo ya kiwambo, na ya kazi ilie pale tu ambapo nyati au kiboko amehatarisha watu, ikiwa imetanguliwa na habari. Ikiwa mahali hapo afisa ataona kiwambo kinampunguzia mama yule mshtuko, sitasimama njiani.

Kuhusu sheria maneno ni machache. Nchini Norway na Finland kiwambo ni kifaa cha kawaida cha mwindaji. New Zealand vivyo hivyo. Marekani ilikitoza kodi ya dola 200 tangu mwaka 1934 hadi mwisho wa 2025, fedha ambayo hapo mwanzo ilitosha kumkatisha mtu tamaa. Kwetu umiliki wa silaha umo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na njia za kuwinda zimo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei mtu na aulize kwa barua, Polisi na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, kama anaruhusiwa. Akijibiwa hapana, yote niliyoandika yanabaki kuwa falsafa ya barazani.

Imebaki mas'ala moja ambayo hoja ya maumbile haiifikii. Kwa bunduki ndogo ya .22, risasi ya mwendo wa chini ya sauti inatosha kumuua kanga au sungura kwa hatua arobaini bila ya kumtesa. Hapo kimya kamili na rehema vinakaa pamoja, na hakuna mpasuko unaobaki kutoa habari. Sina kanuni ya maumbile ya kumwekea mtu huyo. Kwa hiyo yeye, kuliko mwenye .375, ndiye ninayemtaka aandike idadi papo hapo alipookota ndege, kabla ya kunyonyoa, na arudi kwa kupita katikati ya kijiji, ndege wakining'inia mahali ambapo mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwahesabu.